Sikio la Mwalimu na Mashine Isikilizayo

Apitaye alasiri katika vichochoro vya Malindi au Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, bado husikia sauti za watoto wa chuoni zikitoka madirishani. Watoto thelathini au arubaini hukariri kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake, na mpita njia huweza kudhani kwamba hapana anayemsikia mwenziwe. Lakini mbele ya mwalimu amekaa mtoto mmoja na juzuu yake, na sikio la mwalimu liko kwake yeye. Fataha akiifanya kasra, hurudishwa pale pale. Akisita, hungojwa kidogo, kisha hutamkiwa. Akimaliza hunyanyuka, akakaa mwingine. Wengi wetu tulianza kusoma kwa njia hii kabla hatujaingia skuli, na wala hatukuwahi kufikiri kwamba ilikuwa na siri yoyote.

Siri ilikuwamo, nayo ndiyo iliyomshughulisha kwa takriban miaka thelathini Profesa Jack Mostow wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Tunamleta bwana huyu mbele ya wasomaji wetu, na khasa mbele ya waheshimiwa wanaoshughulikia elimu ya Visiwa hivi, si kwa ajili ya umashuhuri alionao huko kwao, ingawa alipata kuwa Rais wa jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa akili mnemba katika elimu. Tunamleta kwa sababu kazi kubwa ya miaka yake ya mwisho chuoni ilikuwa kazi ya Kiswahili, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Tanzania na kujaribiwa katika ardhi ya Tanzania.

Mostow alipata shahada ya udaktari katika elimu ya kompyuta hapo hapo Carnegie Mellon mwaka 1981. Wakati huo fikra ya kuifanya kompyuta iwe mwalimu haikuwa ngeni. Mwaka 1970 Jaime Carbonell alikwisha eleza programu iliyoweza kuzungumza na mwanafunzi juu ya jiografia ya Amerika ya Kusini, ikimuuliza naye akiiuliza. Baadaye John Anderson na wenzake wa Carnegie Mellon wakatengeneza programu za kusomesha hisabati ambazo ziliweza kumfuata mwanafunzi hatua kwa hatua na kutambua ni wapi alipopotea njia. Zote hizo, pamoja na uhodari wake, zilikuwa na ila moja: zilimngojea mwanafunzi aandike. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kuandika swali lake kwa vidole, wala hawezi kusoma jawabu. Aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya mwalimu wa pekee ndiye aliyefungiwa mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mostow akaanza kazi aliyoipa jina la LISTEN, neno la Kiingereza lenye maana ya "sikiliza". Makusudio yake yalikuwa ni kuipa kompyuta sikio. Sentensi moja huonekana kwenye kioo. Mtoto huisoma kwa sauti mbele ya kipaza sauti. Mashine husikiliza, neno baada ya neno, ikilinganisha inachokisikia na kile ambacho tayari inakijua kuwa kimeandikwa. Mtoto akikwama husaidiwa: pengine hutamkiwa neno zima, pengine huvunjiwa vipande, pengine hupewa neno jingine lenye mlio unaofanana nalo. Kisha huendelea. Mwaka 1994 makala yake na wenzake juu ya mashine hiyo ilitunukiwa tuzo katika mkutano mkuu wa Marekani wa wataalamu wa akili mnemba.

Hapa pana jambo ambalo sisi tumelipenda kuliko tuzo. Sikio la mashine ile ya mwanzo lilikuwa zito. Katika maneno ambayo mtoto aliyasoma vibaya, liliweza kukamata kiasi cha nusu tu. Mtu mwingine angelificha jambo hili, au angeliifanya mashine iwe kali zaidi ili ikamate makosa mengi. Mostow na wenzake walifanya kinyume. Walijua kwamba mashine ikizidishiwa ukali, itaanza pia kuwatia makosani watoto waliosoma sawasawa, na mtoto anayejifunza akiambiwa amekosa hali ya kuwa amepatia, huvunjika moyo na huacha kuiamini elimu yenyewe. Kwa hiyo wakaamua kwamba mashine isimwambie mtoto "umekosa". Ikishuku kosa, hulirejea neno lile kwa upole, kama afanyavyo mzee anayemsikiliza mjukuu wake. Ikiwa mtoto alikosea, amesaidiwa. Ikiwa alipatia, hakuna kilichoharibika. Tungependa kila anayetengeneza chombo cha kufundishia, awe wa Marekani au wa Unguja, aanze kwa kukiri udhaifu wa chombo chake namna hii.

Jambo jingine ni dogo, lakini kila mwalimu atalitambua. Watoto walipoachiwa wajichagulie hadithi za kusoma, walizoea kuchagua zile nyepesi walizokwisha zisoma, wakazirudia kila siku na huku wakifurahi kwamba wanajua. Waliponyimwa uchaguzi kabisa, hamu ilipungua. Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya zamu: mara hii mtoto huchagua, mara ya pili mashine huchagua, nayo huchagua kile kinachomfaa kwa kiwango chake. Suluhu hiyo ilipatikana kwa kuwakalia watoto na kuwatazama muda mrefu.

Sasa tuje kwenye vipimo, kwani hapo ndipo maofisa wetu wanapopaswa kutulia. Katika majaribio ya mwaka 1996 na 1997, watoto sita wa darasa la tatu waliokuwa nyuma sana walipiga hatua ya kiasi cha miaka miwili katika muda usiozidi miezi minane. Habari kama hiyo ingelitosha kuuzia mashine elfu. Lakini watoto sita ni watoto sita, na Mostow hakuishia hapo. Katika mwaka wa masomo wa 1999 na 2000 wanafunzi 131 wa darasa la pili na la tatu, katika madarasa 12, waligawanywa makundi matatu. Wanafunzi 58 walitumia mashine dakika 20 kila siku, wakipokezana mashine moja iliyowekwa darasani mwao. Wengine 34 walitolewa darasani kwa muda huo huo kila siku, wakafundishwa mmoja mmoja na walimu wenye shahada ya ualimu, wakitumia hadithi zile zile. Waliobaki 39 waliendelea na masomo ya kawaida.

Matokeo yake hayakuwa ya kupigia ngoma, na kwa sababu hiyo ndiyo tunayaamini. Waliofundishwa na walimu waliwashinda wa mashine waziwazi katika jambo moja tu, nalo ni kutamka maneno mageni ambayo hawajapata kuyaona. Katika kufahamu maana za maneno, wanafunzi wa darasa la tatu, wa mashine na wa walimu pia, waliwapita wenzao waliobaki darasani. Katika kutambua maneno ya kawaida na katika wepesi wa kusoma, hapakuonekana tofauti ya kutegemewa baina ya makundi. Hayo yote yaliandikwa na kuchapishwa, yenye kufurahisha na yasiyofurahisha, ili kila mtu ayasome.

Tunaliweka jambo hili mbele kwa sababu miaka ile ile ulimwengu ulikuwa umelewa ahadi. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa peke yake na mwalimu wake huweza kuwapita wanafunzi 98 katika kila 100 wanaofundishwa darasani kwa pamoja. Tangu hapo kila mwenye kuuza programu amekuwa akiitaja hesabu hiyo kama hirizi. Kurt VanLehn alipokusanya tafiti nyingi mwaka 2011 akazipima upya, aliona kwamba faida ya mwalimu wa pekee ni kubwa lakini haifikii ile ya Bloom, na kwamba programu zilizo bora zinamkaribia sana mwalimu huyo. Ni habari njema, ila ni njema kwa kiasi chake.

Mashine ya Mostow ilitoka Pittsburgh ikaenda mbali. Ayorkor Korsah, mtaalamu wa kompyuta kutoka Ghana, aliijaribu pamoja na wenzake kwa watoto wa Accra, ambao Kiingereza walikuwa wakijifunza na matamshi yao siyo yale ambayo sikio la mashine lilizoeshwa. Hilo la matamshi tutalirudia, maana ndilo linalotugusa sisi.

Kabla ya hapo inafaa tukumbushane kwamba Visiwa hivi si wageni wa mashine zinazofundisha. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara haikuwa nayo. Na kuanzia mwaka 2006, kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu na shirika la EDC la Marekani, mradi wa RISE ulitumia redio kuwafundisha watoto wadogo katika vituo vya Tucheze Tujifunze, Unguja na Pemba. Waliopata kusikiliza vipindi vya namna hiyo wanakumbuka utaratibu wake: sauti katika redio inauliza swali, inanyamaza kidogo, watoto wote wanajibu kwa shangwe, kisha redio inawasifu na kuendelea.

Ulikuwa utaratibu mzuri na wa gharama ndogo, nao ulifika mahali ambapo skuli ya maandalizi haikufika. Lakini redio ile ilikuwa na mdomo, haikuwa na sikio. Iliwasifu watoto waliopatia na waliokosea kwa sauti moja. Iliponyamaza, kazi ya kusikia ilibaki kwa mlezi aliyekaa nao chini ya mwembe au barazani, na mlezi mmoja hawezi kusikia midomo thelathini inayojibu kwa mara moja. Skuli zetu nazo zimekuwa na taabu hiyo hiyo kwa miaka mingi: madarasa makubwa, mikondo miwili, wa asubuhi wakitoka na wa mchana wakiingia. Skuli za ghorofa zilizojengwa katika miaka ya karibuni zimepunguza msongamano, nasi tunashukuru. Walakini chumba kikubwa na dawati jipya havimsikilizi mtoto anaposoma. Mwalimu mwenye watoto sitini, akitaka kumsikiliza kila mmoja kwa dakika tano tu, atahitaji saa tano nzima, na siku ya skuli haina saa hizo.

Hiyo ndiyo nafasi ambayo profesa wa Pittsburgh alijaribu kuijaza, na safari hii kwa lugha yetu. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15 kwa atakayetengeneza programu ya kumwezesha mtoto asiye na skuli ajifunze mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Mostow aliunda kikundi Carnegie Mellon, wakatengeneza programu waliyoiita RoboTutor, na mwaka 2017 ikawa miongoni mwa tano zilizochaguliwa kuingia duru ya mwisho. Kila moja ilipata dola milioni moja. Kisha, kwa makubaliano na Serikali ya Tanzania, na kwa msaada wa UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, vishikwambi vilivyotolewa na Google vikapelekwa katika vijiji vya mkoa wa Tanga, ng'ambo ya bahari tu kutoka kwetu.

Watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi hivyo. Kabla ya kuanza, asilimia 74 kati yao walisema hawajapata kwenda skuli, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hapakuwa na walimu. Walikuwapo kina mama wa kijiji, waliokabidhiwa mitambo ya umeme wa jua ya kuchajia na kazi ya kuwaangalia watoto na vyombo vyao. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno moja ilipungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei, 2019, washindi wakatangazwa. Walikuwa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. RoboTutor haikushinda.

Tumeona baadhi ya watu wakiisoma habari hii kama ya mpira: fulani kashinda, fulani kashindwa, twende nyumbani. Sisi tunaisoma vingine. Kwanza, nusu iliyobaki bila ya kusoma neno moja baada ya miezi 15 ni watoto wengi sana, na haifai wasahauliwe kwa kuwa wenzao wamefaulu. Pili, masharti ya shindano yalitaka kazi za vikundi vyote vitano viwekwe wazi kwa umma, pamoja na maandishi ya ndani ya programu, ili yeyote azichukue, azibadilishe na kuzitumia. Kwa hivyo jasho la miaka mingi la Mostow, lililogeuzwa Kiswahili, limelazwa mlangoni petu bila ya bei. Atakayekuja kesho katika ofisi zetu na mkoba wenye programu ya kusomesha watoto kusoma, akataka alipwe kwa kila mtoto kila mwaka, aulizwe kwanza chombo chake kinazidi nini kile kilichokwisha tolewa bure.

Tuje sasa kwenye lugha. Kiingereza kilimpa Profesa tabu ambayo Kiswahili hakitampa mtu, kwani Kiingereza huandika hivi na kutamka vile. Sisi herufi zetu ni za kuaminika: aliyekwisha kuzijua ba, be, bi, bo, bu anaweza kuliendea neno lolote. Lakini Kiswahili kina mizigo yake. Chukua neno "hatukuwasomesha". Kwa Kiingereza hiyo ni sentensi nzima; kwetu ni neno moja, na mtoto wa darasa la kwanza hulipanda silabi kwa silabi kama apandaye ngazi ya jumba la kale, akipumzika kila kipago. Je, mashine ihesabu kwamba amekosea, kwa sababu hakulitamka kwa pumzi moja? Au itambue kwamba yuko njiani? Mwalimu wa chuoni hahitaji kuuliza suali hili. Mashine lazima iamuliwe, na atakayeiamulia lazima awe anajua namna watoto wa Kiswahili wanavyojifunza kusoma.

Kisha iko sauti yenyewe. Mashine isikilizayo hujifunza kusikia kwa kulishwa sauti nyingi zilizorekodiwa. Kiswahili kimeanza kupata akiba yake: watu wa nchi mbalimbali za Afrika Mashariki wamejitolea kusoma sentensi na kuzituma katika mkusanyiko wa Common Voice ulioanzishwa na Mozilla. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo sauti zilizomo nyingi ni za watu wazima, na sauti ya mtoto wa miaka saba si sauti ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa. Koo lake ni fupi, sauti yake ni nyembamba, meno ya mbele pengine hana, na husoma akikatakata. Mashine iliyozoea kumsikia mtangazaji wa redio itamsikia mtoto huyu kama anayesema lugha nyingine.

Na mtoto gani? Hapa ndipo penye kisa chetu sisi wa Unguja. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakisimamisha vitabuni. Tangu siku hiyo wengi nje ya Visiwa hudhani kwamba kila Mzanzibari husema kama kitabu. Mtoto wa Makunduchi aliyelelewa na bibi yake kwa Kikae anajua kwamba sivyo. Mtoto wa Tumbatu anajua hivyo hivyo, na wa Pemba naye. BAKIZA wanalijua jambo hili kuliko sisi. Baada ya Kamusi la Kiswahili Fasaha la mwaka 2010 walitoa pia kamusi za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Lakini kamusi ni ya macho. Mtoto huyu anaposoma "sanifu" kwa ulimi wa kwao, mwalimu aliyezaliwa Kizimkazi atamwelewa na kumwachia apite. Mashine iliyofundwa kwingineko itamrudisha mara tatu, nne, hata afunge kishikwambi akacheze. Watoto wa Accra walikwisha onyesha kwamba suala hili si la kubuni.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo ya wanazuoni. Hatukubaliani nao. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Tumepata kusema mengi juu ya uamuzi huo na leo hatuurudii mjadala. Linalotuhusu ni kwamba mtoto anayefika mlango huo bila ya kusoma vyema kwa Kiswahili hupoteza mara mbili: hana lugha anayoiacha, na hana lugha anayoiendea. Miaka minne ya mwanzo ndiyo aliyonayo. Kila mwezi anaokaa darasani bila ya mtu kumsikiliza akisoma ni mwezi uliotoka katika miaka minne hiyo.

Kwa hiyo tunayo haya ya kuwaambia wakubwa wetu. Vyombo havikosekani. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu na taasisi za elimu, na Zanzibar ilipata sehemu yake. Programu ziko wazi. Kinachokosekana ni subira ya kupima na sauti za watoto wetu. La kupima halihitaji mtaalamu wa ng'ambo. Zichukuliwe skuli chache, za mjini na za shamba. Madarasa mengine yapewe dakika 20 za mashine kila siku, mengine yapewe dakika hizo hizo za mwalimu au mwanafunzi mkubwa anayemsikiliza mdogo, na mengine yaendelee kama kawaida. Na mwisho wa mwaka wote wapimwe kwa karatasi moja. Yakiwa matokeo ni ya kuchanganya, kama yalivyokuwa ya Pittsburgh, yachapishwe hivyo hivyo. Huenda ikaonekana kwamba mwanafunzi wa darasa la sita, aliyepewa mafunzo ya siku mbili, ni sikio bora kuliko kishikwambi. Hatutaona haya kwa matokeo kama hayo, na hazina ya Serikali itapumua.

Tunaongeza jambo ambalo maandishi ya Profesa na wenzake yanaligusia, na ambalo wanunuzi hulisahau. Mashine haikutumika kwa sababu ilikuwapo. Ilitumika pale ambapo mwalimu aliipangia saa yake katika ratiba na kuhakikisha kwamba kila mtoto anafika zamu yake. Palipokosekana mwalimu mwenye moyo huo, ilikaa imefunikwa. Na sisi tunayo ya kwetu ya kuongeza: wakati wa masika, mvua inapopiga juu ya mabati ya skuli za Kaskazini, hata mwalimu hamsikii mwanafunzi aliye mbele yake, sembuse kipaza sauti. Anayetengeneza ratiba alifikirie hilo.

Lililobaki ni la sauti, na hili ni letu peke yetu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinao, pale Tunguu, wanaosomesha kompyuta, kinao Beit-el-Ras wanaofundisha walimu, na kimerithi kutoka iliyokuwa TAKILUKI, pale Vuga, wataalamu wa Kiswahili. Ni mara chache chuo kimoja kuwa na watu wa namna tatu hizi ndani ya mwendo wa nusu saa. Wakae pamoja, wawaite na BAKIZA, waandike kurasa chache za kusomwa, kisha waende skulini na vinasa sauti. Wazazi waombwe ruhusa kwa maandishi na waelezwe kwa lugha nyepesi sauti ya mtoto wao inakwenda kufanya kazi gani. Mtoto awekwe kwa nambari, si kwa jina. Sauti zihifadhiwe hapa, na anayezitaka aje azikopee hapa kwa masharti yetu, hata akiwa ametoka mbali na ana fedha nyingi.

Na wasianzie mjini. Mtoto wa Shangani anasema karibu na kile kilichowekwa vitabuni tangu mwaka 1930, na mashine yoyote ya Kiswahili itamsikia kwa kiasi fulani hata pasipo jitihada yetu. Waanzie Makunduchi, kisha Tumbatu, wachukue na watoto wa darasa la kwanza wanaokatakata, wenye kusita na wenye mapengo, kwa sababu hao ndio ambao sikio la mashine, kama lilivyo sasa, haliwajui kabisa.